Mtego unaopanda na kushuka na maji: hotuba kwa wavuvi wa Bwawa la Mtera

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Afisa Uvuvi, wazee wangu kutoka vijiji vya pande zote mbili za bwawa, akina mama mnaonunua, mnaokaanga na kukausha, na ninyi vijana ambao usiku wa leo mtaingia majini: shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Nimeombwa nizungumzie nyavu za mtego zinazoelea. Ninalotaka kuwaambia nitalisema mapema, ili hata mwenye haraka ya kuondoka aondoke nalo. Mtego wa wavu unaoelea unalifaa bwawa hili kuliko zana nyingine yoyote ninayoijua, kwa sababu unamfikisha samaki mkononi mwa mvuvi akiwa hai, na samaki aliye hai bado anaweza kurudishwa majini. Lakini idadi ya mitego iamuliwe kabla mtego wa pili haujashonwa. Yote mawili yameshawahi kujaribiwa na watu wengine, na nitawaeleza yaliyowapata.

Tuanze na bwawa lenyewe. Mtera halikujengwa kwa ajili ya samaki. Lilijengwa kuzuia maji ya mto Ruaha Mkuu ili mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye megawati 204, isikose maji kiangazi, na baadaye Mtera yenyewe ikawekewa mitambo ya megawati 80. Likijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini kabisa cha kuzalisha umeme ni mita 690. Kati ya hapo na hapo kuna mita 8 na nusu za maji yanayokuja na kuondoka, na kwa kuwa ardhi yetu hapa ni tambarare, mita moja ya kina ikipungua ufukwe unakimbia mbali sana. Nyie mnaohamisha kambi kila mwaka mnalijua hili kwa miguu yenu.

Sasa fikirini mtego wa kuchomeka miti. Ndugu zetu wa Pwani wana wando: ua wa fito zilizosukwa, unaoanzia ufukweni na kwenda kina kirefu, mwisho wake kuna chumba. Maji yakijaa samaki huingia, yakitoka samaki hukutwa. Wando unafanya kazi kwa sababu bahari inarudi palepale kila siku. Bwawa la umeme halirudi palepale. Ukichomeka fito Mei maji yakiwa juu, Novemba utazikuta zimesimama kwenye tope kavu, mbuzi wanapita katikati. Kwa hiyo wazo la wando tulichukue, fito tuziache. Ua uwe wa nyavu, uning'inie kutoka juu badala ya kusimama kutoka chini, na kila kitu kishikwe na maboya na nanga.

Hatutakuwa wa kwanza. Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, wavuvi wa karne ya 19 walitumia kwanza nyavu za kufungwa kwenye nguzo zilizopigiliwa chini ya ziwa. Nguzo zina kikomo, kwa sababu mti mrefu sana haupatikani na ukipatikana haupigiliki. Wakaja na mtego usio na nguzo, unaotandazwa kwa maboya na nanga. Huko magharibi ya Marekani, kwenye Mto Lewis katika jimbo la Washington, kuna bwawa la umeme linaloitwa Merwin. Wataalamu wa samaki wa jimbo hilo walitengeneza mtego unaoning'inia kwenye fremu inayoelea, na mpaka leo mtego wa aina hiyo unaitwa kwa jina la bwawa hilo. Shida yao ilikuwa hii hii yetu, kina kinachobadilika. Fremu ikielea, mtego unapanda na kushuka na maji bila mtu kuugusa.

Mtego una sehemu nne, na nitaziita kwa maneno tutakayoweza kuitana nayo tukiwa kwenye mtumbwi. Kuna uzio, kuna ua, kuna koo, na kuna chumba.

Uzio ni ukuta mrefu wa wavu unaoanzia karibu na ufukwe na kwenda moja kwa moja kuelekea kina kirefu. Kazi yake si kukamata. Kazi yake ni kumzuia samaki anayetembea sambamba na ufukwe. Samaki akikutana na ukuta, mara nyingi hageuki kurudi alikotoka, na hakimbilii nchi kavu. Hufuata ukuta kuelekea kwenye maji marefu, kwa sababu huko ndiko anakojua usalama. Mtego wote umejengwa juu ya tabia hiyo moja. Mwisho wa uzio anaingia kwenye ua, ambao ni kuta mbili zilizokunjwa kwa ndani, ili akizunguka kutafuta njia ya kutoka azungushwe tena mpaka mbele ya koo. Koo ni faneli ya wavu, pana mwanzoni, nyembamba mwishoni, na mdomo wake unatokeza katikati ya chumba. Hapo ndipo ujanja ulipo. Samaki aliyemo chumbani hutafuta mlango kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na mlango hauko ukutani, uko katikati ya chumba anapopita bila kuuona.

Nimeona mitego mingi iliyoharibika, na mara nyingi tatizo halikuwa chumba, lilikuwa koo. Koo likilegea, mdomo unafumba na hakuna kinachoingia. Likiwa fupi, mdomo uko karibu na ukuta na samaki anatoka alivyoingia. Fungeni kamba nne kutoka pembe za mdomo wa koo hadi ukuta wa nyuma wa chumba, zivutwe sawasawa, na zikaguliwe kila mnapoinua. Upana wa mdomo utegemee samaki mnayemtaka. Perege ana mwili mpana wa kusimama, na ni samaki mwenye wasiwasi. Mlango mwembamba wa kulala hataupenda. Mpeni mlango mrefu wa kusimama.

Sasa tushone. Nitawapa vipimo vya mtego mdogo wa kuanzia. Uzio uwe mita 60, wenye kina cha mita 4. Hapa wengi hukosea kwa kupima wavu ukiwa umenyooshwa. Jicho la wavu likifungwa kwenye kamba kwa namna ambayo mita 100 za wavu ulionyooshwa zinakaa kwenye mita 70 za kamba, macho yanafunguka karibu mraba, na wavu unafunika eneo kubwa kuliko namna nyingine yoyote. Nyavu za kunasa hufungwa zikiwa zimelegea zaidi, mita 100 kwenye mita 50, kwa sababu tunataka wavu umkumbatie samaki. Kwenye mtego hatutaki kumkumbatia mtu. Basi kwa uzio wa mita 60 mtahitaji takribani mita 86 za wavu ulionyooshwa. Na kwa kina cha mita 4, wavu ulionyooshwa uwe na urefu wa mita 5.6, kwa sababu jicho likifunguka kwa upana linapungua kwa kimo.

Jicho la uzio liwe la ukubwa gani? Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika uzio huwa na macho makubwa kiasi kwamba samaki anaweza kupita, ila hapiti. Anauona ukuta, anaufuata. Hilo linaokoa fedha nyingi za wavu na linapunguza nguvu ya maji kwenye kamba. Kwetu mimi ningeanza na jicho la inchi 8 lililonyooshwa, yaani sentimita 20, uzi mnene, rangi nyeusi. Mita 5.6 gawanyeni kwa sentimita 20, mnapata macho 28 kwenda chini. Perege hatanasa kwenye jicho hilo. Msishawishike kutumia jicho la inchi 4 au 5 eti tupate pia wa kunasa: huo utakuwa wavu wa kunasa wenye jina la mtego, na samaki wataufia bila mtu kuchagua. Maji yetu yana tope hasa mvua zikianza, na inawezekana samaki wasiuone ukuta mpaka waufikie. Kwa sababu hiyo nusu ya uzio iliyo karibu na ua ishonwe kwa macho madogo zaidi na uzi mnene vilevile, na tuone.

Chumba kiwe mita 5 kwa 5, kina mita 3. Kuta na sakafu ziwe na jicho dogo, inchi moja na nusu, uzi mnene, ili samaki wa biashara asiingize kichwa akakwama. Mtaniuliza, na wadogo je? Wadogo tuwape dirisha. Kwenye ukuta wa nyuma acheni nafasi ya mita moja kwa mita moja, wekeni wavu wa macho ya mraba yasiyofumba, uliokazwa kwenye fremu. Ukubwa wa jicho la dirisha haupatikani kwa kukisia. Chukueni samaki mdogo kabisa ambaye bwawa hili linaweza kumtoa bila kuumia, mzungusheni uzi sehemu aliyonenepa, upimeni uzi huo. Nusu ya urefu wa uzi ndiyo jicho lililonyooshwa ambalo atapita kwa shida. Uzi ukiwa sentimita 16, jicho ni sentimita 8. Aliye mdogo kuliko huyo atatoka mwenyewe usiku, kabla nyie hamjaamka. Ukubwa unaokubalika kisheria atatuambia Afisa Uvuvi, na kipimo chake ndicho tutakachofuata.

Mkichagua nyuzi, kumbukeni kwamba nailoni ni nzito kuliko maji, huzama. Poliethilini ni nyepesi, huelea. Sakafu ya chumba ikishonwa kwa poliethilini tupu itapanda juu na kuwafukuza samaki, kwa hiyo ifungwe chubwi, yaani vizito vya kuzamisha, kwenye kingo zote nne. Kuta za juu, zinazopigwa na jua mchana kutwa, ziwe za uzi wenye rangi nyeusi, maana jua ndilo linalokula nyavu hapa kuliko meno ya samaki.

Na kuta hizo zisikomee usawa wa maji. Perege huruka. Kambale hupanda. Pandisheni wavu nusu mita juu ya maji kuzunguka fremu yote, na wavu mwepesi wa kufunika juu kwa ajili ya ndege. Lakini chumba chenyewe kiwe na uwazi wa hewa. Kambale huja juu kuvuta pumzi. Ukimfungia chini ya maji katika chumba kilichofunikwa na samaki ni wengi, atakufa. Hii ni faida moja ya mtego unaoelea ambayo mtego wa chini hauna, na inamhusu pia kobe wa majini na mnyama yeyote mwingine anayevuta hewa akaingia kwa bahati mbaya.

Fremu ishikwe na mapipa ya plastiki. Pipa la lita 200 lililofungwa vizuri hubeba takribani kilo 190 kabla halijazama lote. Manne yanabeba kama kilo 760. Wavuvi wawili wakisimama juu ya fremu, wavu ulioloa, chubwi, samaki, na mvuto wa kamba za nanga unaoivuta fremu chini, vyote vijumlishwe na visizidi nusu ya hapo. Nusu inayobaki ni ya upepo. Mafundi hupenda kuiondoa nusu hiyo ili kuokoa bei ya mapipa mawili, na upepo wa alasiri wa Mtera hauangalii bei.

Nguvu ya maji na upepo haiongezeki kwa kadiri mwendo unavyoongezeka. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Wavu ukiota kijani na kuziba, ni kama umeshona wavu mwingine juu yake. Kwa hiyo mtego unaoelea unataka kusuguliwa, na uzio unataka kutolewa na kuanikwa kwa zamu, hasa baada ya mvua, mito ya Ruaha na Kizigo inapoleta matawi na majani.

Nanga ndizo zinazotofautisha mtego wa ziwa na mtego wa bwawa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Chukulieni mahali penye kina cha mita 12 bwawa likijaa, na mita 4 likipungua. Mtu akifunga kamba ya nanga ya mita 15, maji yakiwa juu nanga itakuwa mita 9 mbele ya fremu. Maji yakishuka, kamba ile ile inaweza kufika mita 14 na nusu. Yaani fremu imepata uhuru wa kutembea zaidi ya mita 5 kila upande. Uzio utalegea, koo litafumba, mtego umekufa ingawa bado unaelea na kwa mbali unapendeza. Sasa fungeni kamba ya mita 45. Maji yakiwa juu, nanga iko mita 43.4. Yakiwa chini, mita 44.8. Tofauti ni mita moja na nusu tu. Kamba ndefu ndiyo inayomeza kupanda na kushuka kwa bwawa. Ile mita moja na nusu iliyobaki itamezwa na jiwe la kilo kumi lililoning'inizwa katikati ya kamba. Kamba ikilegea jiwe linashuka na kuivuta. Nanga zisipungue sita, mbili zikiwa mwisho wa chumba kuelekea kwenye maji marefu, kwa sababu ndizo zinazokaza uzio wote.

Kina cha chumba ni mita 3, kwa hiyo kisiwekwe mahali ambapo maji yatashuka chini ya mita 4. Yakikaribia hapo, mtego unavutwa kwa mitumbwi kwenda kwenye maji marefu. Mkishafungua uzio na kamba za nanga, fremu na chumba kilichokunjwa huvutwa vyote pamoja, na hilo la kuvutwa bila kubomolewa halikuwezekana kwa wando.

Mahali pa kutega pachaguliwe na macho ya wazee zaidi ya mitambo. Nataka ufukwe wenye mteremko unaoeleweka, usio na miti iliyokufa ndani ya upana wa mtego, na uliojificha upande ambako upepo mkali hautoki. Miti iliyozama ndiyo adui wa kila wavu Mtera. Mtego unaoelea una nafuu, kwa kuwa chumba hakigusi chini, lakini uzio unagusa, na kisiki kimoja kinaweza kuuchana wote siku maji yanaposhuka. Tena usitegwe kwenye mlango wa mto. Nitarudi hapo.

Mamba na viboko wapo, na hawatasoma kibao. Wavuvi wa Sweden walikuwa na shida yao: sili walijifunza kwenda kwenye mitego na kula samaki waliofungiwa. Wakatengeneza chumba cha wavu mgumu sana wenye kuta mbili, kilichowekwa juu ya mirija mikubwa. Mirija ikijazwa hewa chumba chote kinainuka juu ya maji, na mtu mmoja anaweza kukifanya bila kuingia majini. Sitasema tununue mirija ya hewa kesho. Ninachokitaka ni kuta mbili upande wa chini wa chumba, zikiachana nusu mita, ili mamba akibonyeza asifikie samaki. Na mtu asiingie majini kukagua mtego. Kila fundo linalohitaji kufunguliwa lifike juu ya fremu.

Kuinua: mnakuja asubuhi, mnafunga koo kwanza, mnaanza kuinua sakafu upande wa koo na kurudi nyuma mkono kwa mkono, samaki wanasogea kwenye pembe moja. Msiwatoe majini wote kwa pamoja. Wachoteni kwa wavu wa mkono wenye mpini, mkono uliolowa, anayefaa aingie kwenye mtumbwi, asiyefaa arudi. Na hapa niwageukie akina mama. Samaki wa wavu wa kunasa anakufa saa tatu za usiku, mnampata saa moja asubuhi tumbo limeanza kulegea, na bei mnayoijua. Samaki wa chumba anaweza kusubiri. Gari la barafu likichelewa, samaki hainuliwi. Bei ikiwa mbaya leo, kesho samaki bado wanaogelea. Hilo kwa biashara yenu lina uzito kuliko kilo chache zaidi za samaki aliyelegea.

Lakini isemwe pia mtego usichoweza. Perege jike hubeba mayai na watoto mdomoni, na akishikwa au akibanwa huyatema. Ukimrudisha umemrudisha yeye, kizazi chake umekimwaga. Kwa hiyo usiseme kwa kuwa tunarudisha samaki basi tutege popote. Madume huchimba viota kwenye maji mafupi, nyie mnaviona vishimo hivyo vya duara. Penye vishimo hapategwi. Tunalilaumu kokoro, ule wavu wa kukokota, kwa sababu linakwangua viota hivyo, na hatutakuwa na kinywa cha kulaumu kama tutaweka uzio juu yake.

Na sasa yale ya idadi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwenye Ziwa Huron, moja ya yale Maziwa Makuu ya Amerika, mtego wa nanga ulipelekwa kwenye kina ambacho nguzo hazikuwahi kufika. Walikuwa wanavua samaki mweupe wa jamii ya Coregonus, ambaye kiangazi maji ya pwani yakipata joto hukimbilia chini. Kwa miaka mingi kule chini kulikuwa kimbilio lake, si kwa sababu sheria ilisema, bali kwa sababu hakuna mti mrefu kiasi hicho. Mtego mpya ulimfuata. Samaki walipatikana kwa wingi mno, sehemu ikaisha, wakahamia sehemu ya pili, ikaisha. John Van Oosten na wenzake waliofanya uchunguzi wa serikali ya Marekani walieleza jinsi uvuvi huo ulivyoporomoka, na mamlaka zikalazimika kuweka kikomo cha kina. Mtego ulikuwa mzuri. Ulishonwa vizuri, ulileta samaki hai, na ulimaliza samaki.

Miaka 40 baadaye, katika miaka ya 1970, jimbo la Michigan, lililo kando ya ziwa hilohilo, liliwaondoa wavuvi wake wa biashara kwenye nyavu za kunasa na kuwapeleka kwenye mitego ya aina hiyo, ili samaki mwingine aliyekuwa amepungua aweze kutolewa akiwa hai na kurudishwa. Mtego uleule ulioharibu ukawa wa kuokoa. Kilichobadilika ni kikomo cha idadi, kina, mahali, na mkono unaochagua.

Hata huku kwetu tuna la kukumbuka. Kwenye Ziwa Victoria kulikuwa na ningu, samaki aliyepanda mito kwa makundi kuzaa mvua zikija. Nyavu za kunasa zilitandazwa kwenye milango ya mito, tena wakati wa kupanda, akina mama wa samaki wakiwa na mayai tumboni. Uvuvi huo ulioshibisha watu wengi ulikwisha ndani ya maisha ya mtu mmoja. Ndiyo sababu nasema mtego usifike mlango wa Ruaha wala wa Kizigo, hata siku moja, hata kwa majaribio, hata kama ndiko samaki waliko. Hasa kama ndiko samaki waliko.

Ninachopendekeza, Mwenyekiti, ni mtego mmoja wa kikundi. Si wa mtu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni za 2009 zinataka zana ijulikane na ipate kibali, na sitaki yeyote asikie maneno yangu akadhani nimempa ruhusa. Ruhusa ni ya Afisa Uvuvi, na wenye bwawa nao waulizwe, maana karibu na ukuta wa bwawa hapaelei kitu. Mtego uwe na bendera na taa, mitumbwi ya usiku isiugonge. Kila siku unapoinuliwa, karani aandike waliochukuliwa, waliorudishwa na kina cha maji siku hiyo. Wakati hakuna wa kuuinua, iwe msiba, iwe sikukuu, ukuta wa nyuma ufunguliwe kamba uachwe wazi. Mtego uliofungwa na kusahauliwa unaendelea kuua bila kumlisha mtu. Na baada ya msimu mzima, kujaa na kupungua, mkutano huu ukae na daftari lile mezani uamue kama bwawa linabeba mitego miwili, au mitano, au ule mmoja tu. Asiyekubaliana na idadi aseme kwenye mkutano, asishone nyumbani.

Najua kijana mmoja hapo nyuma ameshauliza kwa sauti ndogo kwamba mtego mmoja utamlisha nani. Swali la haki. Mtego mmoja hautawalisha wote, na sijaja kuwaambia muache nyavu zenu halali kesho. Umekuja kutufundisha samaki wa bwawa hili wanatembea vipi, wangapi ni wadogo, na maji yanapofika mita fulani wanahamia wapi. Hayo hakuna anayeyajua leo kwa daftari, tunayajua kwa kumbukumbu, na kumbukumbu za watu wawili kwenye mtumbwi mmoja hazilingani.

Kabla ya kununua hata mita moja ya wavu tupime kina. Kesho alfajiri nitakuwa mwaloni na kamba yenye fundo kila mita na jiwe la kilo mbili. Nahitaji mitumbwi miwili, na nahitaji wazee wanaokumbuka miti ilisimama wapi kabla maji hayajaifunika, maana kamba yangu itaniambia kina lakini haitaniambia visiki. Tutaanza na ghuba zile tatu zilizokingwa na upepo, na tutakapopata mahali penye mita 4 za uhakika hata bwawa likiwa chini, tutaweka boya.

Mwenyekiti, nakurudishia kikao. Maswali nayasubiri.